Majani Niliyouongezea Mmea

Mimi nilijifunza kuchora kwa kuku. Mjomba wangu ni fundi wa kuandika mabango hapa Kilosa, ana kibanda chake karibu na stendi, na nilipomaliza kidato cha nne na kupata matokeo ambayo nyumbani hatuyazungumzi wakati wa kula, yeye ndiye aliyemwambia mama, "Nipe huyo. Mkono wake hautetemeki." Kuku wangu wa kwanza nilimchora kwenye mlango wa mama anayeuza chipsi kule Kimamba. Alinona mpaka miguu ikapotea tumboni. Mwenye duka alicheka kwa furaha, mjomba akanipiga begani, na mimi usiku ule nililala nikiota nachora kuta za dunia nzima.

Mjomba ana sheria zake. Bango linasomwa na mtu aliye juu ya pikipiki, na pikipiki haisimami. Kwa hiyo kila kitu kiwe kikubwa, kizungushiwe mstari mweusi, na kiwe safi. Mkasi wa saluni hauna kutu. Embe la dukani halina doa. "Sisi hatuchori vitu vilivyo," huwa anasema huku anakoroga rangi kwa kijiti. "Tunachora vitu watu wanavyotaka viwe."

Nilimwamini kabisa, na bado nampenda kwa maneno yale. Lakini ndiyo yaliyoniponza Mikumi.

Kazi ya Mikumi ilikuja wakati kibanda chetu kimepoa. Siku hizi mtu akifungua duka anakwenda kuprinti bango, linakuja limekunjwa kama mkeka, linatundikwa, basi. Mjomba alikuwa anakaa kwenye benchi anapaka rangi namba za pikipiki tu. Ndipo akapiga simu mama mmoja mwenye nyumba ya wageni Mikumi, kando ya barabara kuu, anatafuta mtu wa kuchora ukutani. Mjomba mgongo ulikuwa unamsumbua, akanituma mimi.

Mama yule ana miaka kama sitini, mrefu, anavaa miwani yenye kamba shingoni. Zamani alikuwa mwalimu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na kabla sijatua ndoo ya brashi akawa ameshanipeleka kwenye chumba kikubwa kitupu nyuma ya jengo.

"Wanafunzi wanakuja hapa kuona tembo," akasema. "Wanalala kwangu, asubuhi wanapanda basi wanaingia mbugani, jioni wanarudi, tembo, tembo, tembo. Wamekanyaga mimea kibao, hawajauliza hata mmoja. Nataka chumba hiki kiwe cha mimea."

Akaniwekea masharti papo hapo. Nianze na ukuta mmoja. Ukimpendeza, kuta zote za chumba kile ni zangu, na veranda pia. Usipompendeza, kuna kijana wa mabango ya kuprinti angekuja Jumatatu ya pili kupima, na chumba kizima kingekuwa chake.

Mimi nikaona veranda tu. Nilishaiona imejaa picha zangu, mjomba ameketi chini yake anakunywa soda.

Halafu akaniletea picha ya kuiga.

Ilikuwa kwenye fremu, ameachiwa na mgeni mmoja aliyewahi kupita akitafuta mimea. Nakala tu, lakini ya picha iliyochorwa kwa mkono zamani sana, wakati huo kamera haijui rangi, na mtu akitaka kuwaonyesha watu wa mbali mmea fulani, lazima akae chini auchore. Mmea wenyewe sikuwahi kuuona. Mashina manene ya rangi ya kijani iliyochanganyika na kahawia, yamelala chini kama mkia wa mamba, kingo zake zina meno. Na juu ya mashina hayo mabaya, ua. Mungu wangu, ua lile! Nyota ya ncha tano, pana kama sahani ya chai, rangi ya maziwa ya mtindi yaliyokaa siku mbili, na juu yake madoa mekundu ya damu ya mzee. Madoa yalianza makubwa kwenye ncha, yakawa yanapungua, yanapungua, mpaka katikati yakawa mistari myembamba inayozunguka, kama mtu anavyomalizia kitovu cha ungo. Pembeni mwa kila ncha kulikuwa na vinyweleo, kimoja kimoja. Nilisogeza uso mpaka pumzi yangu ikafanya ukungu kwenye kioo.

"Alitumia brashi gani huyu?" nikauliza.

"Ndogo," mama akasema.

Sasa, pamoja na kuipenda kote kule, niliiona ina kasoro. Ncha moja ya ua ilikuwa imekunjika kidogo. Shina moja lilikuwa limenyauka. Chini kulikuwa na vijipicha vingine vidogo vya vitu vya duara, nikadhani ni vifungo vya shati vilivyowekwa kujaza nafasi. Na kubwa kuliko yote, mmea haukuwa na majani. Hata moja. Nikawaza, maskini, huyu mchoraji labda waliomletea mmea waliupukutisha njiani. Au alichoka. Nikamwonea huruma, mtu mwenye mkono mzuri vile, kisha kazi yake ibaki nusu.

Basi nikamsaidia.

Siku tatu nilichora ukuta ule. Ncha zote tano nilizipima kwa kamba zikalingana. Shina lililonyauka nikalinywesha maji, likawa zima. Vifungo sikuvichora. Nikazungusha mstari mweusi. Halafu nikaweka majani, mapana, ya kijani kibichi, yenye mng'ao mweupe upande mmoja kama nilivyofundishwa, mengi kiasi kwamba mchicha wa sokoni ungeona aibu. Nikarudi nyuma hadi mlangoni nikautazama. Ulikuwa unasomeka hata kutoka kwenye pikipiki.

Mama alikuja jioni. Akavaa miwani, akaivua, akaifuta na kanga, akaivaa tena.

"Mwanangu, haya majani umeyatoa wapi?"

"Nimeyaongeza, mama."

"Umeyaongeza."

"Mmea ulikuwa hauna."

Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa, akakosa, akakalia ndoo yangu ya chokaa. Na mimi nikacheka naye, nikidhani amefurahi. Ndipo akatulia, akajifuta machozi, akasema kwa upole ulioniuma kuliko angenifokea:

"Hauna majani kwa sababu hauna majani. Maji yake unaweka humo humo kwenye mashina. Mtoto akiniuliza mmea huu uko wapi akauone, nitampeleka wapi? Huu wako haupo popote." Akanyoosha kidole kwenye fremu. "Huyu rangi ya kijani alikuwa nayo. Angetaka kuweka majani angeweka. Lakini yule kijana anakuja Jumatatu ya pili ile ile. Sijabadilisha."

Nilimpigia mjomba. Akauliza, "Na majani yenyewe uliyachora vizuri?"

"Vizuri sana, anko."

"Basi huyo mama hana macho."

Lakini mimi nilijua macho anayo. Usingizi ulichelewa. Kulipokucha nilipiga picha ile fremu kwa simu, nikamwambia mama nakwenda kumwonyesha bibi yangu Lumuma, maana kama kuna mtu anayejua kila kinachoota kwenye mawe ya upande ule ni yeye. Mama akasema, "Nenda. Siku zako hizo."

Bibi analima vitunguu Lumuma. Nilimkuta shambani, amefunga kanga mbili kiunoni, anapanga vitunguu kwenye kichanja vikauke.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekonda. Umekuja kuninyang'anya mume? Umechelewa, nimeshamzika."

Huo ndio utani wake tangu nikiwa mdogo, na mimi jibu langu ni kwamba mume alinipenda mimi zaidi. Tulipomaliza kutaniana nikamwonyesha simu. Aliishika mbali na uso, akaizungusha, ikajizungusha na yenyewe, akaitukana kidogo.

"Huyu namjua," akasema. "Hili dude liko kule kwenye mawe, chini ya vichaka vya miiba. Tukiwa wasichana tunaokota kuni tulikuwa tunalikwepa, mbuzi wenyewe wanalikwepa. Lakini ua hili sijawahi kuliona. Aliyechora kaongeza."

Moyo wangu ukaruka. Maana yake kama kaongeza yeye, basi tuko wawili!

Asubuhi tulipanda kilima, bibi mbele, mimi nyuma nahema. Tulipofika kwenye mawe akainama chini ya kichaka, akasogeza miiba kwa fimbo, na hapo nikauona. Nilipiga magoti. Mashina yamelala kwenye changarawe vile vile kama mkia wa mamba, na kingo zenye meno, na kijani ile iliyoingiliwa na kahawia ambayo mimi kule Mikumi niliona ni rangi iliyochakaa. Shina moja limenyauka. Nilitafuta jani kila upande, nikainua na mawe. Hakuna jani. Palikuwa na kichomozo kimoja tu cha ua, kimefumba, kimechongoka kama kitumbua kilichofinywa.

Hatukung'oa. Bibi alikata kipande kimoja chenye kile kichomozo, akaacha mengine yote, akayarudishia miiba yake juu. Nikakibeba kwenye kikapu, nikakiweka chumbani chini ya kitanda ili kuku wasikidonoe, nikasahau.

Kesho yake alfajiri bibi aliniamsha kwa kuvuta shuka.

"Amka. Panya kafa humu."

Kweli kulikuwa na harufu. Si ndogo. Ilikuwa harufu ya nyama iliyosahauliwa kwenye mfuko. Tulitoa gunia la mahindi, tukatoa masufuria, tukatoa sanduku lake la nguo ambalo hata mama yangu hajawahi kuruhusiwa kulishika. Bibi akapanda kwenye kigoda akachungulia juu ya dari. Jirani yake, mama mmoja mwenye sauti ya kipaza, akasimama mlangoni ameziba pua kwa upande wa kanga.

"Huyo si panya, dada. Huyo ni paka."

"Kwangu hakuna paka."

"Basi ni paka wa mtu mwingine kaja kufia kwako. Watu wana dharau."

Ni yeye jirani aliyeinama akachungulia chini ya kitanda. Akanyamaza, na watu wakaniambia baadaye kwamba mama yule hajawahi kunyamaza. Kisha akasema, "Dada, umeficha nini huku?"

Nikavuta kikapu. Ua lilikuwa limefunguka.

Sijui nisemeje. Lilikuwa lile lile. Nyota ya ncha tano, rangi ya mtindi, madoa ya damu ya mzee, yanapungua, yanapungua, mpaka kitovu cha ungo. Vinyweleo vya pembeni vilikuwa vinatikisika kwa upepo wa pumzi zetu. Ncha moja ilikuwa imekunjika kidogo, si ile ile ya pichani lakini imekunjika. Na juu yake nzi watatu, wakubwa, wa kijani, wanatembea kama wamefika sokoni. Nzi mmoja alikuwa anataga mayai. Aliamini kabisa ni nyama.

"Hakuongeza," bibi akasema taratibu. Halafu akasema kwa sauti kubwa, "Toa nje hilo dude!"

Nilimng'ang'ania mkono. Nilimwambia habari za ukuta, Jumatatu, kijana wa kuprinti, mjomba kwenye benchi lake. Nililia kidogo, mimi machozi yangu hayana kizuizi. Bibi akaniangalia, akamwangalia jirani, akasema, "Chini ya kichanja cha vitunguu. Upande wa upepo unakotoka sisi tukae, lenyewe likae huko."

Siku mbili nilikaa pale na daftari la shule na penseli, na rangi za maji za watoto nilizonunua dukani. Nilifunga kitambaa puani. Kikanisumbua, nikakivua. Kuanzia saa nne jua likipanda ile harufu inakuwa na uzito, unaisikia mpaka kwenye ulimi. Nzi wakichoka na ua wanakuja kwangu. Nilikuwa nachora doa moja, naangalia, nafuta, nachora tena. Maana ukiangalia kweli, hakuna doa linalofanana na jingine. Mimi ukutani nilikuwa nimepiga madoa yote kwa kidole gumba, tap tap tap.

Na hapo ndipo nilipoanza kumwaza yule mtu. Picha yake kwenye fremu hainuki. Mtu anaitazama amekaa kwenye kiti anakunywa chai, anasema, ah, ua zuri. Lakini yeye alikaa nalo. Alikaa karibu, maana vinyweleo vile havionekani ukikaa mbali. Pengine naye watu wa nyumbani kwake walimtafutia panya. Alivihesabu vinyweleo kimoja kimoja huku nzi wanamtembea usoni, na hakuna hata mstari mmoja wa picha yake unaolalamika. Shina lililonyauka hakulinywesha maji, alilipatia nafasi yake kama yale mazima. Nilimpenda mtu yule. Simjui jina, sijui kama alikuwa mwanamume au mwanamke, na nilimpenda pale pale chini ya vitunguu.

Bibi alikuwa anakuja na uji, anasimama upande wa upepo.

"Nikufukuzie nzi?"

"Usiwafukuze, bibi, nawachora."

"Na nzi pia?"

"Wapo."

"Kweli, wapo," akasema, akaondoka anacheka peke yake.

Jioni ya siku ya pili ua likaanza kujikunja. Nilisema basi, nitalitupa. Bibi akasema ngoja. Akachukua kile kisu chake cha vitunguu, akaliweka ua kwenye kiganja, akalipasua katikati kutoka juu hadi chini, pa!

"Kitunguu ukitaka kujua hali yake ya ndani unafanya hivi," akasema. "Kwa nje kitakudanganya."

Akaninyooshea nusu moja. Ndani, pale katikati, kulikuwa na kitu kidogo cha duara, kimepangwa tabaka juu ya tabaka, kama kifungo cha shati.

Nilitoa simu nikaifungua ile picha. Vilikuwa vile vile, vifungo vyangu vya kujaza nafasi. Yule mtu alilipasua ua lake akachora tumbo lake, akaweka chini ya ukurasa ili mtu asiye na kisu naye aone. Nilikaa chini kwenye vumbi. Bibi akadhani harufu imenipanda kichwani akaniletea maji.

Nilirudi Mikumi Alhamisi. Mama alinipa funguo. Nilianza na msasa. Majani yangu yalikuwa yameshika, maana mjomba rangi yake huwa haibanduki, na nilisugua siku nzima mpaka mabega yakakataa. Yalikuwa majani mazuri kwa kweli. Nilipofikia lile la mwisho mkono ulisita, nikalisugua. Kisha nikapaka chokaa, nikangoja ikauke, nikaweka daftari langu upande mmoja na fremu upande mwingine, nikaanza upya. Bila mstari mweusi. Brashi niliyotumia kwenye vinyweleo nilikuwa nimeinyoa kwa wembe ikabaki na nywele chache tu.

Mjomba alikuja Jumapili na basi la mchana, mgongo wake na yote, kuniokoa na huyo mama asiye na macho. Akasimama mbele ya ukuta ameweka mikono kiunoni.

"Limenyauka hili," akasema, anaonyesha lile shina.

"Ndiyo."

"Na huyu nzi?"

"Anataga, anko."

Akasogea. Akasogea tena. Mjomba wangu ambaye huangalia picha kutoka ng'ambo ya barabara, akaweka pua yake karibu na ukuta. "Hii haisomeki kutoka kwenye pikipiki," akasema mwishowe.

"Haisomeki."

"Inabidi mtu ashuke."

Jumatatu kijana wa kuprinti alikuja na futi yake ya chuma, kijana mzuri tu, amevaa viatu vyeupe. Mama alimwomba asubiri nje. Akaingia na miwani, akaanza chini, kwenye vile vya duara, akapanda polepole kwa kidole bila kugusa. Alisimama sana kwenye nzi. Mimi na mjomba tulikuwa mlangoni.

"Mmea huu unanuka?" mama akauliza, hajageuka.

"Sana, mama. Bibi alitafuta panya nyumba nzima."

Akatoka nje. Tukamsikia akimwambia yule kijana, "Samahani baba, nimekusumbua. Ndani pamechukuliwa. Lakini nipimie hapa getini, nataka bango la bei za vyumba." Kijana akasema hakuna shida, na futi yake ikalia kriii kwenye nguzo ya geti.

Kwenye ufundi wetu kazi ikiisha unaandika namba ya simu pembeni, chini kulia, wateja wakupate. Mjomba alishanipa brashi ya herufi, akanikumbusha nisisahau sifuri ya mwanzo. Nilipiga magoti pale pembeni. Nikaandika kwa herufi ndogo kadiri nilivyoweza: *Nimeuona Lumuma, chini ya miiba, ukiwa hai.* Mjomba akaisoma mara mbili, akaniuliza mteja atanipataje sasa.

"Atamuuliza mama mwenye nyumba," nikasema, nikaanza kupima ukuta wa pili.